Kisanduku cha karata za Jupiter na Juno kisicho na kanuni

Swali: Hapa Columbus, Ohio, nimenunua kwenye mauzo ya vitu vya marehemu kisanduku cha karata za zamani zenye miungu ya Wagiriki na Warumi. Karata zimo 45. Kila moja ina picha, jina kubwa chini yake, kisha majina matatu madogo, na pembeni ina herufi na namba, kama C2. Herufi zinatoka A hadi M, ila J haipo kabisa. Karatasi ya kanuni haimo. Kwenye kifuniko kilichopasuka panasomeka "Cincinnati, O." tu, na karata zinanuka unyevu. Ni mchezo gani huu, umepungukiwa na karata ngapi, unachezwaje, na nifanye nini kabla ya kuwapelekea wapwa zangu Tanga?

Jibu: Kanuni unazo mkononi, ndugu. Karata yenye jina moja kubwa, majina matatu madogo na alama kama C2 inajieleza yenyewe: ni moja kati ya karata nne za fungu C, na yale majina madogo ni ya wenzake watatu unaotakiwa kuwatafuta. Huu ni mchezo wa kuombana karata mpaka mafungu ya nne nne yatimie. Usihangaike kwanza kuitafuta karatasi iliyopotea. Zisome karata zote, moja moja, mezani penye mwanga wa kutosha.

Zipange kwa herufi, kisha ndani ya kila herufi kwa namba, 1 hadi 4. Chora jedwali la mistari 12 na safu nne, na kila karata uliyonayo iandike jina lake kubwa katika chumba chake. Vyumba vitakavyobaki vitupu ndizo karata zilizopotea, na majina yake utayapata kwa wenzake, maana kila karata inawataja wote. Tuseme fungu la bahari lina Neptune, Amphitrite na Triton, na zote tatu zinamtaja Proteus ambaye humwoni. Basi Proteus ndiye aliyepotea, na namba yake ni ile iliyoruka. Usiridhike na kuhesabu tu. Visanduku vya kale vilichanganywa na vingine nyumbani, kwa hiyo karata moja huweza kuwemo mara mbili, ikaziba pengo katika hesabu huku fungu jingine likiwa na upungufu.

Sasa hiyo J. Kutoka A hadi M ni herufi 13, na 13 mara nne ni 52. Ukihesabu hivyo umepungukiwa na karata saba: nne za J na tatu nyingine. Ninavyoona mimi, J haikuwahi kuwepo, na mchezo wako ni wa karata 48 uliopungukiwa na tatu. Wachapaji wa vitabu wa zamani walitia herufi chini ya kurasa ili mikunjo ya karatasi inayofanya kitabu ipangwe sawasawa, na katika mfuatano huo waliziruka J, W na mojawapo ya U na V. Mchapaji aliyelelewa katika desturi hiyo asingeona ajabu kuiruka J kwenye karata pia. Hesabu nayo inaelekea huko: karata saba zikipotea ovyo ovyo kati ya 52, nafasi ya J zote nne kuwa miongoni mwake ni moja kati ya 7,735. Ni kweli kwamba fungu lililotimia hukaa pamoja na huweza kudondoka pamoja, kwa hiyo hesabu hiyo peke yake haimalizi ubishi. Kinachoumaliza ni yaliyomo. Soma mafungu uliyonayo ujiulize ni kundi gani kubwa halina makao. Mtunzi wa mchezo wa aina hii hawezi kuwaacha nje wakuu wa Olympus, bahari, kuzimu, mashujaa, vita vya Troy au Muses, miungu wa kike wa sanaa. Kama wote wamo katika mafungu yako 12, basi hakuna pengo la kuzibwa. Ukikuta Hercules hana fungu popote, hapo ndipo J inapostahili kutafutwa.

Mtindo huu wa mafungu ulitia mizizi Marekani kupitia mchezo wa waandishi wa vitabu, Authors, uliotolewa Salem, Massachusetts, mwaka 1861. Ukibadilisha waandishi ukaweka miungu, wanyama au bendera, umepata mchezo mpya bila kugusa kanuni, na kampuni nyingi zilifanya hivyo. Lakini wazo la kumfundisha mtoto visasili kwa karata ni la kale zaidi. Mwaka 1644, mjini Paris, zilichapwa seti nne za karata kwa ajili ya Louis XIV, mfalme aliyekuwa bado mtoto wa miaka mitano. Kadinali Mazarin ndiye aliyeziagiza, Jean Desmarets de Saint-Sorlin akazibuni, na Stefano della Bella wa Florence akachonga picha. Seti moja ilihusu wafalme wa Ufaransa, moja malkia mashuhuri, moja jiografia, na moja, yenye karata 52, ilihusu visasili, kila karata na maelezo yake mafupi chini ya picha. Ukiweza kuona picha zake katika mikusanyo ya makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, zitazame kwa utulivu. Della Bella aliweza kuuweka mwendo mzima wa farasi wa Neptune katika nafasi ndogo kuliko kiganja.

Kuhusu umri wa karata zako, mji wa Cincinnati ni dalili nzuri. Hapo ndipo palipokuwa na kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1867 kwa jina la Russell, Morgan & Co., ambacho tangu 1894 kinaitwa United States Playing Card Company. Michezo ya karata ya kufundishia iliyotoka mji huo mwishoni mwa miaka ya 1890 na mwanzoni mwa miaka ya 1900 hubeba majina Fireside Game Company na Cincinnati Game Company. Tafuta mojawapo kwenye mbavu za kisanduku na kwenye karata ya kwanza ya fungu A. "O." badala ya "OH" inakuambia tu kwamba anwani ni ya kabla ya 1963, mwaka posta ya Marekani ilipoanzisha vifupisho vya herufi mbili.

Mstari wa hakimiliki unasema zaidi, ukiupata. Ukiwa mrefu, ukianza "Entered according to Act of Congress" na kutaja ofisi ya karani wa mahakama ya wilaya, ni wa kabla ya 1870. Ukitaja Librarian of Congress, yaani mkutubi wa Bunge la Marekani, ni wa 1870 au baadaye. Ule mfupi, neno "Copyright", mwaka na jina, uliruhusiwa kuanzia 1874. Jihadhari na mwaka wenyewe: ni mwaka ambao mchezo uliandikishwa, na kisanduku chako huenda kilichapwa miaka mingi baadaye kwa mabamba yale yale.

Chukua pia lenzi inayokuza mara kumi uitazame picha. Chapa ya rangi ya kale, iliyochapwa kwa mabamba ya mawe, ina vidoa visivyolingana, vimetawanyika kama vilivyotiwa kwa mkono, na mara nyingi ndivyo vilivyotiwa. Ukiona vidoa vya rangi nne vimejipanga kwa vijiduara kama maua madogo, kwa nafasi zinazolingana kote, una chapa ya kiwandani ya karne ya 20 iliyosonga mbele. Pembe za mraba au za mviringo hazitoshi kutoa hukumu, kwa sababu michezo ya watoto ya bei nafuu iliendelea kukatwa pembe kali muda mrefu baada ya karata za kawaida kuwa za mviringo.

Tuje kwenye kucheza. Changanya karata zote 48 na ugawe mpaka ziishe. Watu watatu wanapata 16 kila mmoja, wanne 12, sita 8. Wakiwa watano, watatu watapata 10 na wawili 9, na kwa kuwa tofauti hiyo ni ndogo usiweke karata pembeni. Aliye kushoto kwa mgawaji anaanza. Anamtaja mchezaji mmoja na kumwomba karata moja kwa jina: "Nipe Mercury." Masharti ni mawili. Lazima yeye mwenyewe awe na angalau karata moja ya fungu hilo, na asiombe aliyo nayo tayari. Akipewa, anaendelea kuomba, kwa mtu yule yule au mwingine. Akikosa, zamu inakwenda kwa aliyeombwa, au kwa wa kushoto kama mtakavyokubaliana mwanzoni. Mimi hupendelea iende kwa aliyeombwa, kwa sababu inamfanya kila mtu awe macho muda wote. Fungu likitimia linawekwa mezani papo hapo, wazi, na kusomwa majina yote manne kwa sauti. Usiache hatua hiyo ya kusoma, maana ndiyo sehemu kubwa ya kufundisha. Aliyeishiwa karata mkononi anatoka, na mwenye mafungu mengi mwishoni ndiye mshindi.

Ugomvi mwingi huanzia pale mtu anapokana karata aliyonayo, mara nyingi bila kukusudia, kwa sababu mtoto ameombwa "Proserpine" na hakulitambua jina. Kwa hiyo aliyeomba aonyeshe karata yake yenye jina hilo kati ya yale madogo, akificha zilizobaki. Ukweli ukidhihirika, karata inatolewa na mwombaji anaendelea.

Kwa watu wawili kanuni hizi zinavunjika. Karata zote zikiwa zimegawanywa, kila usichonacho kiko kwa mwenzako, hivyo anayeanza hawezi kukosa: ataomba na kupewa mpaka akamilishe kila fungu ambalo alikuwa na karata yake hata moja. Wakiwa wawili, gawa 10 kila mmoja, 28 zikae katikati zimefunikwa. Anayekosa anachukua ya juu. Akiokota ile ile aliyoiomba, anaionyesha na kuendelea. Vinginevyo zamu imekwisha.

Udhaifu mmoja wa michezo hii ni kwamba majina madogo yamechapwa pale pale, kwa hiyo mtoto anaweza kucheza mwaka mzima akisoma tu majina bila kujua Vulcan alifanya nini. Wakishazoea, badilisheni namna ya kuomba: jina lisitajwe, itajwe sifa. "Nipe mwenye viatu vya mabawa" ni Mercury. Mwenye bundi ni Minerva, mwenye tausi ni Juno, mhunzi anayechechemea ni Vulcan, mwenye mkuki wa ncha tatu ni Neptune. Sifa ikiwafaa wawili, aliyeombwa ana haki ya kukataa na zamu inapotea. Hapo "mwenye upinde na mishale" ni ombi baya, kwa kuwa Apollo, Diana na Cupid wote wanabeba upinde. Kutafuta sifa isiyomfaa mwingine ndiko kunakomlazimisha mtoto kukijua kisa chenyewe, na kwa kweli mchezo hupendeza mara mbili.

Kabla ya kuanza, mkubaliane kuhusu majina. Karata za Marekani za wakati ule hutumia ya Kirumi, na sababu yake kubwa ni kitabu cha Thomas Bulfinch, The Age of Fable, kilichotoka Boston mwaka 1855 na kusomwa karibu kila nyumba yenye rafu ya vitabu. Bulfinch aliandika Jupiter, Juno na Minerva, na watunzi wa michezo wakamfuata. Wapwa zako shuleni au mtandaoni watakutana zaidi na Zeus, Hera na Athena, na aliyesoma Biblia ya Kiswahili tayari anawajua kwa Kigiriki: katika Matendo ya Mitume watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na huko Efeso wanapiga kelele kwa ajili ya Artemi. Kwenye karata zako watatu hao ni Jupiter, Mercury na Diana. Wengine wanaohitaji kuoanishwa ni Neptune na Poseidon, Pluto na Hades, Ceres na Demeter, Proserpine na Persephone, Mars na Ares, Venus na Aphrodite, Vulcan na Hephaestus, Vesta na Hestia, Bacchus na Dionysus, Cupid na Eros, Hercules na Heracles, Ulysses na Odysseus. Apollo ni Apollo kote kuwili. Amueni kama ombi la jina la Kigiriki linakubaliwa. Kwa watoto, likubaliwe.

Kuna majina yatakayowakwaza hata mkiwa makini. Thalia ni wawili: mmoja ni Muse wa vichekesho, mwingine ni mmoja wa dada watatu wa neema pamoja na Aglaia na Euphrosyne. Ajax ni wawili, na wote walipigana Troy upande wa Wagiriki. Pluto ni mfalme wa kuzimu na Plutus ni mungu wa utajiri. Mwisho wa jina tu ndio unaowatenganisha. Katika hali hizo mwombaji ataje na fungu: "Nipe Thalia wa D." Makundi ya watatu nayo yaliwasumbua watunzi waliotaka wanne, ndiyo maana utakuta dada watatu wa majaliwa, Clotho, Lachesis na Atropos, wameongezewa mtu wa nne kutoka kwingine. Ukikuta hivyo, si kosa la uchapaji, ni karata ya kujaza fungu, na ni vyema kuwaeleza watoto kwamba huyo wa nne ni mgeni. Vivyo hivyo, karata ikisema Pandora alifungua sanduku, waambie kwamba katika Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, ni mtungi mkubwa. Sanduku liliingia katika karne ya 16 kupitia tafsiri ya Kilatini ya mwanazuoni Erasmus.

Hizo karata zenyewe, hata hivyo, zisiende mikononi mwa watoto. Tengeneza nakala ya kuchezea na zile za kale zibaki kisandukuni. Sababu si uzee wake peke yake. Ukichapa karata tatu tu za kuziba mapengo na kuzichanganya na za zamani, migongo yake itatambulika hata kwa mbali, na kila mtu atajua Proteus yuko kwa nani. Nakala kamili inaondoa tatizo hilo. Kisheria Marekani haikuzuii: kazi iliyochapishwa huko kabla ya 1930 haina tena hakimiliki.

Tumia skana ya kulaza, kamwe usitumie ile inayovuta karatasi ndani, kwa maana inazikunja. Weka nukta 600 kwa inchi, na rula ndogo pembeni ya karata ili ukubwa halisi usipotee. Kama karata zako ni za kiasi cha milimita 63 kwa 88, tisa zinaenea kwenye karatasi moja ya A4, tatu kwa tatu. Karata 48 zinataka karatasi sita, na nafasi sita zinazobaki zinatosha kwa karata ya kanuni, karata ya majina ya Kigiriki na Kirumi, na za akiba. Chapisha kwenye karatasi nzito ya gramu 300. Kwenye mpangilio wa printa chagua asilimia 100, maana chaguo la kuenea ukurasa hupunguza kila kitu kidogo na karata hazitalingana. Pande mbili za karatasi hazikai sawa kabisa, hupishana milimita moja au mbili, kwa hiyo mgongo uwe wa rangi moja au wa nakshi inayojaza mpaka ukingoni. Mgongo wenye fremu nyeupe utaonyesha kila kasoro, na karata zitatambulika upya. Zile tatu zilizopotea zipe jina na maandishi bila kubuni picha ya kale, na kila karata ya nakala iwe na alama ndogo ya mwaka uliochapisha, ili siku moja mtu asiziuze kama za asili.

Kabla ya skana lakini, shughulikia ule unyevu. Zitenge na vitabu vyako. Vaa barakoa, uzitazame kwa mwanga wa pembeni. Ukungu ulio hai una manyoya na unapakaa ukiguswa. Uliokufa ni unga mkavu. Zitandaze juu ya karatasi za kunyonya wino katika chumba kikavu chenye hewa inayotembea, uzigeuze kila siku kwa wiki moja. Usizianike juani: nyekundu na njano hufifia, na karata hujikunja kwa sababu upande wenye rangi nyingi haukauki sawa na wa pili. Zikishakauka, pangusa unga kwa brashi laini nje ya nyumba. Uchafu wa ukingoni uondoe kwa kifutio cheupe cha plastiki, ukisugua kutoka katikati kuelekea nje ili usiinue ukingo, na usikipitishe juu ya rangi. Maji, spiriti na vitambaa vyenye unyevu visikaribie, kwa sababu mng'ao wa juu hulainika na kutoka na rangi yake. Zilizogandana usizibandue kwa kisu. Hizo ni kazi ya fundi wa kuhifadhi karatasi. Madoa ya kahawia yaache kama yalivyo. Harufu ikibaki, zifungie kwenye chombo kikubwa cha plastiki pamoja na kikombe wazi cha magadi ya kuokea, visigusane, kwa wiki moja au mbili.

Pembe za kifuniko zishikishwe kwa ndani kwa ukanda wa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Selotepu hugeuka njano na gundi yake huzama ndani ya karatasi isitoke tena. Mpira wa kufungia nao huchubua kingo, kisha hugandia juu ya karata za mwanzo na mwisho.

Kama utaamua za asili nazo ziende Tanga, fikiria hewa ya pwani. Ukungu huamka unyevu hewani ukipita asilimia 65 hivi, na Tanga hupita hapo mara kwa mara. Karata zivikwe karatasi isiyo na asidi, zirudishwe kisandukuni, na kisanduku kiwekwe ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha mpira kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vya aina inayobadili rangi na kipimo kidogo cha unyevu kinachoonekana kwa nje. Lengo ni kati ya asilimia 35 na 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushwe katika oveni kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti yake na kurudishwa ikiwa imepoa. Chombo kikae kwenye kabati la ukuta wa ndani, mbali na jiko na bafu.